Ulanguzi wa tiketi kwa roboti: sheria ianzie dirishani au getini?

Mkazi wa Mwanga, Kigoma (mleta uzi)

Wakuu, naanza na jambo nililoliona kwa macho yangu, kisha nitaingia kwenye sheria.

Siku tano kabla ya mechi moja ambayo mji wote wa Kigoma Ujiji ulikuwa ukiisubiri, nilifika saa mbili kasoro robo asubuhi kwenye kibanda cha wakala wa tiketi hapa Mwanga, nikitaka tiketi mbili za mzunguko kwa shilingi 5,000 kila moja. Utaratibu uliotangazwa ulikuwa kwamba namba moja ya simu hainunui zaidi ya tiketi nne. Mbele yangu alikuwapo kijana aliyeketi juu ya kreti ya soda. Alikuwa ametandika kanga chini, na juu yake amepanga simu tisa za vitufe kama mtu apangaye mafungu ya dagaa. Kando yake palikuwa na daftari la shule lenye majina, namba za simu na namba za siri, yote kwa safu, pamoja na kopo la mafuta ya mgando lililojaa laini za simu. Mauzo yalipofunguliwa saa mbili kamili alianza simu ya kwanza akaenda hadi ya tisa, kisha akachomoa laini, akaingiza nyingine kutoka kwenye kopo, akaanza upya. Wakala alikuwa akimtazama muda wote, na mara moja alimsogezea kiti cha plastiki ili aweke daftari vizuri. Saa mbili na dakika 25 tulitangaziwa, sisi watu kama 40 tuliokuwa nyuma yake, kwamba tiketi za mzunguko zimekwisha. Jioni ya mechi nilinunua tiketi zangu mbili kwa kijana yule yule nje ya geti, kwa shilingi 12,000 kila moja. Alinikumbuka, akanipunguzia 500.

Kijana huyo hakuwa na roboti, lakini kazi aliyoifanya kwa vidole ndiyo ile ile ambayo kwenye nchi zinazouza tiketi mtandaoni kwa wingi hufanywa na programu. (Wengine huandika "boti", ila huku kwetu ukisema boti mtu ataelekea Kibirizi, kwenye boti za ziwani, kuulizia nauli, kwa hiyo mimi nitasema roboti.) Programu hiyo hujaza fomu ya kununulia kwa sekunde chache, ikitumia anwani nyingi za mtandao, kadi nyingi za benki na majina mengi, ili muuzaji aone kana kwamba anahudumia watu mia tofauti. Aidha, huweza kushikilia viti kwa zile dakika chache ambazo mfumo humpa mteja ili alipe, ikaviachia na kuvishika tena, huku mwenye nayo akitafuta mnunuzi kabla hajatoa hata senti. Hata yale maswali ya kusoma herufi zilizopindapinda, yaliyowekwa ili kuthibitisha kwamba anayenunua ni binadamu, hayakufua dafu. Mwaka 2010 waendesha mashtaka wa Marekani, jimboni New Jersey, waliwashtaki wenye kampuni ya Wiseguy Tickets kwa kununua tiketi zaidi ya milioni moja kwa njia hiyo na kupata faida ya zaidi ya dola milioni 25.

Mfano ambao hunijia akilini kila ninapokumbuka zile simu tisa ni wa New York. Ripoti ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo, iliyotolewa Januari 2016, ilieleza kwamba tiketi za onyesho la kundi la muziki la U2 katika ukumbi wa Madison Square Garden zilipoanza kuuzwa Desemba 2014, roboti moja ilinunua tiketi 1,012 kwa dakika moja. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2016 Rais Obama alitia saini sheria ya shirikisho inayojulikana kama BOTS Act, ambayo inakataza kukwepa kinga zilizowekwa na muuzaji ili kulinda kikomo cha tiketi kwa kila mteja, na inakataza pia kuuza tiketi iliyopatikana hivyo ikiwa muuzaji alijua au alipaswa kujua. Inahusu matukio yanayofanyika mahali panapochukua zaidi ya watu 200, na msimamizi wake ni Tume ya Biashara ya Shirikisho pamoja na wanasheria wakuu wa majimbo.

Sheria hiyo imeandikwa vizuri. Hata hivyo kesi za kwanza ambazo Tume hiyo ilizifungua chini yake zilikuja Januari 2021, yaani zaidi ya miaka minne baadaye. Wafanyabiashara watatu wa New York, waliodaiwa kununua tiketi zaidi ya 150,000, waliamriwa kulipa faini ya zaidi ya dola milioni 31, lakini kwa kuwa hawakuwa na uwezo, kiasi walichotakiwa kulipa hasa kilikuwa dola milioni 3.7. Baina ya sheria na kesi hizo, na hata baada yake, tiketi za maonyesho makubwa ziliendelea kulanguliwa mchana kweupe. Novemba 2022, tiketi za ziara ya mwanamuziki Taylor Swift zilipoanza kuuzwa, kampuni ya kuuza tiketi ya Ticketmaster ilisema mfumo wake ulipokea maombi bilioni 3.5, na kufikia Januari 2023 kamati ya Seneti ya Marekani ilikuwa ikiwahoji wakubwa wa biashara hiyo.

Kwa nini miaka minne? Mimi nina jibu moja, na ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu. Anayejua kwamba tiketi 1,012 zimekwenda kwa mtu mmoja ni yule aliyeziuza, kwa kuwa kumbukumbu za malipo ziko kwake. Na yeye hana hasara, kwani tiketi zote zimekwisha na fedha imeingia, na pengine ana tovuti nyingine ya kuuzia upya ambako anachukua ada mara ya pili juu ya tiketi ile ile. Sheria inayomtegemea mtu wa namna hiyo alinde mlango lakini isimwadhibu anapofumba macho itamkamata nani? Wakala wetu wa Mwanga hakuhitaji kompyuta ili kugundua ulanguzi. Aliuona, akausogezea kiti.

Kuna jambo jingine katika ripoti ile ya New York ambalo watu hulipita haraka. Ilibaini kwamba, kwa wastani, ni kama asilimia 46 tu ya tiketi za maonyesho yenye watu wengi ndizo zilizokuwa zikifika kwenye mauzo ya umma. Nyingine zilikuwa zimekwishatengwa kwa ajili ya watu wa ndani, au zimeuzwa mapema kwa wenye kadi fulani za benki na wanachama wa klabu za mashabiki. Hata roboti zote zikifa leo, zaidi ya nusu ya tiketi hazikupita dirishani kamwe.

Kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa AFCON 2027, nashauri kwamba kama tutatunga sheria yetu, mzigo wa kwanza awekewe muuzaji wa dirisha la kwanza: atangaze idadi ya tiketi anazouza kwa umma, ahifadhi kumbukumbu za manunuzi, na atoe taarifa anapoona kikomo kimevunjwa. Kijana wa kopo la mafuta aje baadaye. Naomba maoni yenu.

Dalali wa Isevya, Tabora

Mleta uzi, umeandika vizuri, lakini mimi ni mmoja wa hao unaowaita walanguzi, na napenda kusikilizwa kabla sijahukumiwa.

Mechi kubwa inapokuja Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, mimi huamka saa kumi alfajiri. Natoa fedha yangu taslimu, naweka hatarini mtaji wa wiki nzima, na mvua ikinyesha au mchezo ukiahirishwa hakuna anayenifidia. Niliwahi kubaki na tiketi 14 mkononi, filimbi ya kwanza imekwishapulizwa, nikazigawa kwa wanafunzi waliokuwa wakichungulia juu ya ukuta. Anayenunua kwangu kwa bei ya juu hajalazimishwa, bali ananunua usingizi wake, kwa kuwa yeye alilala wakati mimi nimesimama. Na kama mwandaaji ameuza kwa shilingi 5,000 kitu ambacho watu wako tayari kukilipia 12,000, aliyekosea hesabu ni yeye. Mkiweka sheria ya kuzuia kuuza upya, mtu aliyeugua siku ya mechi afanye nini na tiketi yake, aitie kwenye fremu?

Karani Mstaafu

Mwanangu Dalali, hujambo. Nimekatisha tiketi za mabasi ya masafa marefu kwa miaka 22, nusu yake nikiwa hapa hapa Tabora, na ninaujua usingizi unaouuza. Ungekuwa unauza usingizi wako tu, nisingekuwa na neno, ila wewe umeuondoa na wangu: mimi niliyeamka saa kumi na moja nimekuta umekwishanunua sehemu yangu pamoja na ya watu wengine 30.

Katika mabasi mwezi wa Desemba mambo yalikuwa hivi. Kishoka anakuja na karatasi ya majina, yote ya kubuni, anaandikiwa viti kumi kwenye kitabu kwa penseli, na karani mwenzangu (sitasema uongo, na mimi mara mbili tatu) anapokea chake. Abiria halisi akifika anaambiwa gari limejaa. Anatoka nje, kishoka anampokea, anaongeza bei, anarudi ndani naye, na jina la penseli linafutwa. Basi linaondoka likiwa na manifesti safi kabisa. Kwa hiyo nakubaliana na mleta uzi kwamba kalamu ilikuwa mikononi mwetu, siyo mikononi mwa kishoka.

Lakini naomba vijana mnaotaka sheria kali mkumbuke mwaka 1983. Waziri Mkuu Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, nchi ilikuwa na uhaba wa sabuni, sukari, mafuta na nguo, na bei zilikuwa zimepangwa na Tume ya Bei. Nia yake ilikuwa njema na watu wengi tulimshangilia. Bunge lilipitisha sheria maalumu ya uhujumu uchumi mwaka ule ule, na mwaka uliofuata ikaja nyingine kuchukua nafasi yake. Mtaani kwetu niliona mwenye duka akitupa katoni za sabuni chooni usiku kwa kuogopa kukutwa nazo, sabuni ambayo asubuhi yake mke wangu aliipangia foleni na kuikosa. Mkali wa getini hukamata aliye karibu. Mwenye ghala hana haja ya kuja getini.

Wakili wa Kanyenye

Shikamoo Karani Mstaafu. Naomba niongeze upande wa sheria, kwa kirefu kidogo, kwa kuwa naona hoja mbili zimechanganywa: kosa la kununua kwa hila na kosa la kuuza kwa bei ya juu. Nchi mbalimbali zimechagua moja, nyingine zote mbili, na matokeo yanatofautiana.

Kwa hapa kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza, katika kifungu cha 4, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta isivyo halali. Mtu anaweza kujaribu kumshtaki mwenye roboti kwa kifungu hicho, lakini utetezi wake uko wazi: tovuti ya tiketi ni mlango uliofunguliwa kwa umma, na roboti imepita mlangoni, ila imepita haraka. Kifungu cha 15, kuhusu kutumia utambulisho wa mtu mwingine, kinamkaribia zaidi yule kijana wa daftari, kwa sababu tangu laini zianze kuzimwa Januari 2020 kwa wasiosajiliwa kwa alama za vidole, kila laini katika lile kopo ina mwenyewe. Ila mwenye laini akisimama mahakamani na kusema alimkodishia kwa shilingi 1,000 kwa hiari yake, shauri linalegea. Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo inamlinda mlaji dhidi ya udanganyifu, lakini haipangi bei ya tiketi inayouzwa mara ya pili. Mahali tulipo na kikomo cha bei kinachofahamika kwa kila mtu ni kwenye nauli za mabasi, chini ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na hata huko Karani ametueleza penseli inavyofanya kazi.

Sasa tazameni wenzetu. Uingereza ilikataza kuuza upya tiketi za mpira wa miguu bila idhini tangu mwaka 1994, lakini sababu haikuwa bei. Walitaka mashabiki wa timu mbili wasichanganyike majukwaani. Marufuku ya roboti ilikuja Julai 2018. Hata hivyo hukumu iliyovuma, ya mahakama ya Leeds mwaka 2020, ambapo wafanyabiashara wawili walifungwa, mmoja miaka minne na mwenzake miaka miwili na nusu, ilitolewa kwa makosa ya kawaida ya udanganyifu, kwa kuwa walijifanya watu wengi na kuwauzia wateja tiketi bila kuwaambia kwamba zinaweza kukataliwa mlangoni. Ufaransa tangu Machi 2012 imelifanya kuwa kosa la jinai kuuza tiketi kwa mazoea bila idhini ya mwandaaji, faini euro 15,000, na mara mbili yake kwa anayerudia. Neno la kushika hapo ni "kwa mazoea", linalomwacha salama yule mgonjwa wa Dalali mwenye tiketi moja. Ayalandi mwaka 2021 ilikwenda moja kwa moja kwenye bei: kwa matukio yaliyoainishwa katika kumbi zinazochukua watu 1,000 au zaidi, huuzi zaidi ya bei ya awali.

Mimi navutiwa zaidi na Japani. Sheria yao ilianza Juni 2019, miezi michache kabla ya Kombe la Dunia la Raga, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi mwaka mmoja, faini isiyozidi yen milioni moja, au vyote viwili. Kinachonivutia ni kwamba hailindi tiketi yoyote ile. Hulinda tiketi ambayo mwandaaji ameandika juu yake kwamba hairuhusiwi kuuzwa upya, ametaja tarehe na kiti au mtu anayeruhusiwa kuingia, na amethibitisha jina na mawasiliano ya mnunuzi wakati wa kuuza. Mwandaaji mvivu hapati msaada wa polisi. Hapo ndipo hoja ya mleta uzi inapata mwili: dola inamwambia mwenye dirisha, fanya kazi yako kwanza, kisha nitakufanyia yangu.

Tahadhari moja tu. Majina kwenye tiketi ni taarifa binafsi, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika. Sitapenda kuona namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) za mashabiki 60,000 wa Uwanja wa Mkapa zikikaa kwenye daftari la mtu, hata daftari hilo likiwa la kielektroniki.

Dalali wa Isevya, Tabora

Wakili, hiyo ya Ayalandi inanifukuza kazini kabisa. Sipati hata nauli ya bodaboda ya kwenda uwanjani. Hiyo ya mazoea naielewa, ingawa sijui mahakama itahesabu mara ngapi ndipo iite mazoea.

Binti wa Ujiji

Naomba niseme jambo ambalo wanaume hapa hamjaligusa. Tatizo langu mimi halikuwa bei.

Nilinunua tiketi mtaani kwa ajili yangu na mtoto wangu wa kiume wa miaka tisa, kwa bei niliyoikubali. Muuzaji alinitumia kwenye simu picha ya ule msimbo wa vidoti unaosomwa na mashine. Tulisimama kwenye mstari saa nzima, mtoto amevaa jezi aliyoinunua babu yake. Tulipofika getini mashine ikalia, mlinzi akageuza kioo nisome mwenyewe: imeshatumika. Picha ile ile ilikuwa imeuzwa kwa mtu mwingine aliyewahi kufika, na pengine kwa wa tatu aliyekuwa bado njiani. Mtoto aliniuliza kama tumefanya kosa. Tulisikiliza mechi redioni, tukiwa nje ya ukuta, kila bao likitufikia mara mbili, kwanza kelele kisha mtangazaji.

Kwa hiyo Dalali anaposema hakuna aliyelazimishwa, ni kweli. Lakini mimi sikuwa na njia ya kujua ninanunua nini, na dirisha rasmi lilikuwa limefungwa tangu siku ya kwanza kwa sababu ya watu kama kijana wa Mwanga.

Mkazi wa Mwanga, Kigoma (mleta uzi)

Binti wa Ujiji, pole sana, na umenionyesha pengo katika hoja yangu. Nilikuwa nikifikiria mauzo ya kwanza tu. Tukiwa na dirisha rasmi la kurudishia, ambapo aliyeugua anarejesha tiketi yake, msimbo wa zamani unafutwa na mpya unatolewa kwa mnunuzi mwingine, picha ya simu haina thamani tena. Wajapani, kama Wakili anavyofahamu, wamewataka waandaaji wajitahidi kuweka utaratibu wa namna hiyo pamoja na marufuku yao.

Dalali, sikusudii ufukuzwe. Katika jimbo la New South Wales huko Australia tangu mwaka 2018 muuzaji wa pili anaruhusiwa kuongeza hadi asilimia kumi juu ya bei ya awali, na Victoria nako kuna kikomo cha namna hiyo kwa matukio makubwa yaliyotangazwa. Kwa tiketi ya 5,000 hiyo ni 500. Najua si fedha ya kutajirika, ila ni ya chai na vitumbua, na inamwondoa mtu wa kopo la laini bila kumkamata, kwa sababu hesabu yake haitalipa. Hoja yako kwamba bei ya dirishani ni ndogo mno naiona, lakini kwa mpira siikubali. Mwandaaji anayeweka 5,000 anajua anachokifanya: anataka mvuvi wa Kibirizi aingie, na kiwanja kijae. Wewe umeichukua zawadi aliyokusudiwa mvuvi, ukaitia mfukoni, kisha ukamlaumu mtoaji kwa ukarimu.

Mzee Karani, umenitisha na habari ya sabuni, na nakushukuru. Ndiyo maana sitaki kosa la kumiliki tiketi nyingi. Kosa liwe la kukwepa kikomo kwa utambulisho usio wako, likithibitishwa kwa kumbukumbu za muuzaji, na muuzaji asiyekuwa na kumbukumbu atozwe faini yeye kwanza.

Karani Mstaafu

Hapo kwenye muuzaji kutozwa kwanza, ningekuwa bado dirishani ningeitupa ile penseli siku hiyo hiyo.

Wakili wa Kanyenye

Binti wa Ujiji, swali la kiofisi: je, ile picha uliyotumiwa bado unayo kwenye simu? Kuuza msimbo mmoja kwa watu wawili ni kujipatia fedha kwa udanganyifu, na kwa hilo hatuhitaji kusubiri sheria mpya. Ikiwa namba ya muamala wa awali inaonekana, aliyeuza dirishani anaweza kusema ni laini ipi iliyoinunua.

Binti wa Ujiji

Ninayo, sikuifuta. Namba inaonekana, isipokuwa tarakimu mbili za mwisho zilizofunikwa na kidole gumba chake.